Sahihi ya Babu Nils

Jumatatu, 2 Juni

Habari njema asubuhi na mapema. Bibi Ardis Tweten anahama! Umri umekwenda, magoti yamegoma, na binti yake kamtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee upande wa pili wa mji. Nyumba itauzwa. Vyombo vyote vitapigwa mnada uani, Jumamosi ya wiki ijayo.

Nimezipata kwenye ghala la ushirika wa nafaka, pale wastaafu wa Osterdal tunapokunywa kahawa na kurusha dadu kuamua nani alipe. Nimelipa mimi, kama kawaida. Nilitikisa kichwa, nikasema maskini Bibi Ardis, mji hautakuwa ule ule. Moyoni nilikuwa nacheza.

Sababu ni hii. Kwenye ujia wa nyumba ile, kati ya mlango wa choo na swichi ya taa, imetundikwa picha ya harusi ya wazazi wa Bibi Ardis. Pembeni mwa picha, ndani ya kioo, imechomekwa noti ya dola kumi ya Benki ya Kwanza ya Taifa ya Osterdal. Zamani hata benki ya mji wenye farasi wengi kuliko watu ilikuwa na noti zenye jina lake, na keshia alizitia sahihi kwa kalamu yake mwenyewe, moja moja. Benki yetu ilikufa kabla sijazaliwa. Keshia wake alikuwa Nils Haugstad, babu yangu mzaa baba.

Sisi wakusanyaji wa noti za zamani tunajua noti moja tu ya Osterdal iliyobaki duniani. Anayo Merle Pavlicek, daktari wa ng'ombe mstaafu, na kila siku yake ya kuzaliwa anaileta kwenye kahawa tuiangalie. Kwa bahati yake mbaya wino umefifia. Mahali pa keshia pamebaki peupe. Ya Bibi Ardis haijulikani na mtu ila mimi, na sahihi iko pale nzima, ya rangi ya kahawia, H yenye mkia mrefu.

Nyumba ya babu iliungua na kila kitu kilichokuwamo. Sina barua yake, sina hata risiti. Shangazi alisema nina pua yake, basi. Ningependa kuwa na jina lake pia, kama alivyoliandika.

Niliiona noti miaka mingi iliyopita nilipoomba kwenda choo. Tangu hapo kila nikienda kwa Bibi Ardis naomba choo. Anadhani nina tatizo la kibofu. Kila Krismasi huniletea juisi ya kranberi, eti ni dawa ya kibofu.

Darlys, mke wangu, amesema si umwombe tu akuuzie. Darlys ni mwanamke mwema lakini hajui ukusanyaji. Ukiuliza, umeshaonyesha unaitaka. Bibi Ardis atamwambia binti yake, binti atatafuta kwenye kompyuta, na hapo imekula kwangu.

Jumatano, 4 Juni

Hatua ya kwanza: upelelezi. Nimekwenda kwa Bibi Ardis na pai ya stroberi iliyokuwa inapoa dirishani jikoni kwetu. Nimeomba choo mara mbili. Noti iko salama.

Tukakaa jikoni. Kahawa, biskuti, habari za magoti. Halafu Bibi Ardis akaweka kikombe chini, akasema vitu ni vingi mno na chumba kipya ni kidogo. Je, kuna chochote humu ndani ningependa nichukue, kama kumbukumbu?

Nilikaribia kuanguka kwenye kiti. Lakini mimi ni mtu wa Osterdal, na Osterdal mtu hapokei kitu anapopewa mara ya kwanza. Nikasema hapana, hapana, nisimsumbue. Akauliza tena, chochote kile, hata kitu cha ukutani. Nikasema la hasha, nimeshiba, utadhani ananipa chakula. Akauliza mara ya tatu, polepole, akiniangalia usoni.

Mara ya tatu ndiyo unakubali. Kila mtoto hapa anajua. Lakini nikawaza haraka: nikisema picha ya ujiani, atajiuliza kwa nini mwanamume mzima anataka picha ya harusi ya watu wasio ndugu zake. Ataitazama vizuri. Ataiona noti. Kwa hiyo nikaficha nia. Nikaangaza macho nikachagua kitu kibaya kuliko vyote, taa ya udongo yenye umbo la samaki. Ukiiwasha, mwanga unatoka machoni.

Bibi Ardis aliitazama taa, kisha mimi. Akasema alidhani ningechagua kitu kingine. Nikamwambia nimeipenda taa hii tangu zamani. Akaifuta vumbi, akanipa.

Sasa hana shaka hata kidogo. Nimecheza kama Pelé.

Alhamisi, 5 Juni

Darlys hasemi nami. Pai ilikuwa ya kikundi chake cha maombi. Walikunywa kahawa wakala biskuti za chumvi, na Phyllis Engebret, mkuu wa jiko la kanisa, akatoa maoni. Kuhusu taa Darlys alisema neno moja, gereji.

Hilo si kubwa. Kubwa ni hili: saa nne nikipita barabarani nimeliona pikapu la Merle mbele ya nyumba ya Bibi Ardis!

Nikazunguka mtaa. Bado lipo. Nikazunguka tena. Safari iliyofuata Merle akatoka na kikapu, akanipungia mkono. Nikasimama kwa upole, nikamuuliza amebeba nini. Akasema paka. Nyumba ya wazee hawaruhusu wanyama, na Bibi Ardis alikuwa akilia, basi amemchukua yeye. Paka mzee, kipofu jicho moja, anakojoa ovyo. Nikamwambia ana roho nzuri. Akasema hapana, ana panya.

Siku zote anakuwa na jibu, huyu Merle. Nikamuuliza kama aliingia ndani sana. Akasema jikoni tu, kwani kuna nini ndani sana? Nikasema hakuna kitu. Nadhani nilisema kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Shida ni kwamba siku ya mnada watu wote watapita wakitazama, na Merle ana jicho la mwewe. Akiiona noti ile kwenye meza, nimekwisha. Lazima asiione.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepata! Nilikuwa juu ya mashine ya kukatia nyasi, mahali ninapofikiria vizuri. Nimekata nyasi za jirani nusu uwanja kabla sijagundua.

Mnada utaendeshwa na Wendell Roos. Tunamwita Kanali, ingawa hajawahi kuvaa gwanda. Kwetu kila dalali wa mnada ni kanali. Naufahamu mtindo wake. Samani na vitu vya thamani huwekwa mezani, na hivyo vinapiganiwa. Takataka hutiwa kwenye maboksi na kupangwa juu ya tela la majani makavu, na boksi zima huondoka kwa dola moja, watu wakipiga miayo. Hakuna anayefukua boksi la takataka.

Kwa hiyo: picha itoke ukutani iingie kwenye boksi. Boksi lipande tela. Verdell Haugstad, yaani mimi, anyanyue kidole. Dola moja.

Nimelitazama jambo hili kila upande. Si wizi. Kitu hakitoki nje ya mnada, kinabadilisha kiti tu. Nimempigia Kanali kumwambia niko tayari kujitolea kupanga vitu Ijumaa. Amesema Mungu anibariki. Nimeona hiyo ni ishara njema.

Ijumaa, 13 Juni

Imefanyika.

Bibi Ardis alishapelekwa kwa binti yake asubuhi, asione nyumba yake ikivuliwa nguo. Tulikuwa watu sita wa kujitolea. Nilichagua kupanga ujia na choo, na hakuna aliyegombea. Nikaitoa picha ukutani. Bibi na bwana harusi wakanikazia macho. Watu wa zamani hawakucheka kwenye picha, lakini hawa walizidisha.

Nikaifunga kwa taulo la jikoni, vizuri, pembe zote. Nikaitia ndani ya boksi, chini kabisa. Juu yake vifuniko vya chupa za kuhifadhia matunda, vya bati, mamia, vingine vina kutu. Juu ya vifuniko faneli iliyotoboka. Hata mimi nisingelinunua. Nikalipandisha kwenye tela nikaliweka nyuma kabisa.

Saa kumi Merle akaja kutazama, na lenzi yake mfukoni. Akaniuliza kama nimekutana na karatasi zozote za zamani, kadi, hisa, pesa labda. Nikasema hakuna, nimepekua nyumba nzima. Akasema pole kwa kazi. Akaninunulia soda. Nikainywa nimeegemea boksi lenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika kwa sababu Darlys amekataa kunisikiliza tena.

Asubuhi ilikuwa njema. Jua, watu tele, kina mama wa kanisa wakiuza mikate ya nyama na kahawa ya kwetu iliyochemshwa na yai. Bibi Ardis alikuja na binti yake akawekewa kiti cha kukunja chini ya mti wake wa mepo. Nikaenda kumsalimu. Hakuwa na raha. Alikuwa akiangalia huku na huku, amekunja leso hadi imekuwa kamba.

Kabla mnada haujaanza Kanali akachukua kipaza sauti. Akasema Bibi Ardis anaomba, yeyote aliyeona picha ya harusi ya wazazi wake, fremu nyeusi, hiyo haiuzwi. Ilikuwa ujiani, amekuja kuichukua haipo. Ndiyo picha pekee ya mama yake aliyonayo. Tafadhali.

Watu wakatazamana. Nikahisi sikio linawaka, kisha la pili. Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu niliufungua. Lakini Merle alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwangu, na watu wote wa Osterdal, na mchungaji. Nitasema nini? Kwamba niliifunga kwa taulo kwa bahati mbaya?

Na hapo hapo wazo likaja, zuri kuliko mpango wa awali. Nanunua boksi. Nafukua vifuniko mbele za watu. Naishangaa picha! Namkimbilia Bibi Ardis nayo, analia, ananikumbatia, ananiuliza atanilipa nini. Nitakataa mara mbili. Halafu nitasema, labda hiyo karatasi ya pembeni. Kila mtu atafurahi. Nikafunga mdomo.

Tukafika kwenye tela. Boksi langu likainuliwa. Kanali akaomba dola tano. Kimya. Mbili. Kimya. Moja, waungwana, moja tu, kuna faneli humu. Mimi nikatulia. Ukinyanyua kidole mapema watu wanajiuliza unajua nini. Nilitaka ashuke hadi nusu.

Kanali hashuki hadi nusu. Kanali anaongeza boksi. Niliujua mtindo huo maisha yangu yote na leo nikausahau. Akasema basi chukueni na hili, akaweka juu yake boksi la risasi za kuzamishia ndoano za samaki. Kimya. Akasema na hili pia, akaweka la tatu, na ndani yake kulikuwa na mashine ya chuma ya kusagia nyama, nzito, safi, na mkono wake wa mbao.

Merle akanyanyua kidole.

Merle hutengeneza soseji za damu kila vuli, kama wazee wake waliotoka nchi tofauti na wetu. Mashine yake ilivunjika mwaka jana. Aliongea habari hiyo kwenye kahawa miezi mitatu. Nikanyanyua mkono mzima. Yeye kidole. Mimi mkono. Watu wakaanza kugeuka. Tukavuka kumi. Tukavuka ishirini. Mtu nyuma yangu akamwambia mkewe kwamba Verdell kaanza soseji. Merle akanitazama kwa mshangao, akauliza kwa upole, mzee, nawe ulikuwa unaihitaji? Ningemwambia ndiyo angeniachia. Yuko hivyo. Lakini kichwani nikawa na neno moja tu, usionyeshe. Nikamwambia siihitaji hata kidogo. Kisha nikanyanyua mkono tena.

Tulipofika dola thelathini na tano Darlys akanishika kiwiko. Akaninong'oneza kwamba tunazo mashine mbili za kusagia nyama na hatusagi nyama. Hakukiachia kiwiko. Merle akasema arobaini. Nyundo ikagonga.

Nikamkimbilia. Nikasema kwa utulivu kwamba naona hana haja na vile vifuniko, ningeweza kumpunguzia mzigo. Akasema ah, vifuniko, ameshampa Phyllis wa jiko la kanisa, kaondoka navyo dakika hii. Nikaangalia barabarani. Gari la Phyllis lilikuwa linakata kona.

Bibi Ardis alibaki chini ya mti mpaka meza zote zikaisha. Nilimwona akimwambia binti yake wasiondoke kwanza, labda itaonekana. Sikula mkate wa nyama.

Jumapili, 15 Juni

Sikusikia mahubiri. Baada ya baraka nikashuka moja kwa moja chumba cha chini cha kanisa, nikaingia jikoni, nikasema nimekuja kuosha vyombo.

Kina mama wote waliacha kazi wakanigeukia. Mwanamume hajawahi kuvuka kaunta ile tangu kanisa lijengwe. Phyllis akaniuliza kama Darlys kanifukuza nyumbani. Nikasema ni wito tu. Wakanipa aproni yenye maua na masufuria ya oveni ambayo viazi vilivyoungua vilikuwa vimeyagandia tangu msiba wa wiki jana. Nikasugua. Nikauliza kwa kawaida tu, mikono imo kwenye povu, vifuniko vya Bibi Ardis viko wapi. Phyllis akaonyesha chini ya meza.

Nilipopata nafasi nikainama. Boksi lipo. Vifuniko vipo, vimeoshwa. Faneli ipo. Taulo lipo, limekunjwa vizuri. Fremu hakuna.

Nadhani nilitoa sauti. Phyllis akauliza nini. Nikasema mgongo. Akasema bora nikae, halafu akahadithia wenzake kisa cha jana, jinsi alivyokuta picha ya mama yake Ardis chini ya vifuniko. Nani kaiweka humo, Mungu ndiye ajuaye, labda mmoja wa wale wanaume wa kujitolea, hawaangalii wanachofanya. Akaona kwamba boksi kalinunua Merle, basi si lake kuamua. Akampigia simu. Merle akaja mbio, hata kofia hakuvaa, akaipeleka picha kwa Bibi Ardis muda huo huo.

Nilimaliza masufuria yote. Wameniandika kwenye zamu ya mwezi mzima.

Jumanne, 17 Juni

Bibi Ardis aliniita. Nilikwenda na juisi ya kranberi kwa kukosa kitu kingine.

Chumba ni kidogo lakini kina jua. Picha iko ukutani mbele ya kitanda, ndicho kitu cha kwanza anachokiona akiamka, alisema. Nikaangalia pembe. Kuna alama ya mstatili tu, mahali ambapo picha haikupauka.

Akaniona naangalia. Akaniambia nikae. Akasema ile karatasi ya pembeni ilikuwa pesa ya benki ya zamani, baba yake alipewa na keshia siku ya harusi yake, zawadi, akaambiwa aitumie akipata shida. Shida zikaja nyingi, na baba yake hakuitumia. Keshia huyo alikuwa babu yangu. Je, nilijua?

Nikasema, kweli?

Akasema alitaka mimi niwe nayo. Miaka yote nikienda chooni alikuwa akijua nachelewa ujiani, akadhani nasoma jina la babu na naona haya kuomba. Kwa hiyo akaamua kunipa kistaarabu, bila kunitia aibu. "Nilikuuliza mara tatu, Verdell. Nikakwambia hata kitu cha ukutani. Wewe ukachagua samaki."

Akaendelea taratibu, akilainisha sketi kwa viganja. Akasema Merle alipofika na picha mkononi alilia mpaka Merle akalia pia. Akamwambia achukue chochote. Merle akakataa, kwao wanakataa mara moja tu, basi yeye hakumpa nafasi ya pili, akaitoa noti akamtilia mfukoni. Sasa Bibi Ardis anajisikia vibaya. Lakini alidhani mimi siitaki.

Halafu akasema jambo ambalo sitaki kuliandika, lakini naliandika. Alisema fremu ilikuwa imefungwa kwenye taulo lake la jikoni, vizuri, pembe zote. Aliyeifunga alikuwa mtu mwangalifu. Akanitazama, hakuuliza kitu. Nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa na nafasi ya kusema, ilikuwa ndefu, saa ya ukutani ilisikika. Nikaomba kwenda choo.

Nilikaa humo ndani nikijitazama kwenye kioo, pua na yote. Nilijichukia kabisa kabisa. Nimeapa kwamba mambo ya ujanja ujanja basi.

Alhamisi, 19 Juni

Kahawa. Dadu. Nimelipa.

Merle akatoa noti kwenye bahasha ya plastiki akaiweka mezani, mbele yangu, si mbele ya wengine. Nilikuwa sijawahi kuitazama bila kioo cha fremu na bila mtu kugonga mlango wa choo. Nils Haugstad, Keshia. H yenye mkia mrefu, na mkia unakwenda chini halafu unapinda kushoto. Mimi naandika H hivyo hivyo. Hakuna aliyenifundisha.

Merle akasema mbele ya wote, bila kuzunguka. "Jirani, hili ni jina la babu yako. Mimi noti ya Osterdal ninayo tayari. Nirudishie zile arobaini za boksi, uichukue, na mashine ya nyama nitabaki nayo mwenyewe."

Kanali alivua kofia. Arobaini! Kwenye soko la wakusanyaji noti ile ni bei ya pikapu.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye pochi. Hapo akili ikaniamka. Mtu anayeanza na arobaini atafika ishirini. Halafu, kwa nini arobaini? Mkusanyaji gani anaachia kitu kama hicho kwa arobaini? Lazima ina kasoro, imewahi kuoshwa labda, au ameona kitu kwa lenzi ambacho mimi sijakiona. Au ananipima. Nikarudisha mkono, nikanywa kahawa, nikamwambia kwa uvivu kwamba siku hizi sikusanyi tena noti. Nimehamia stempu.

Merle akauliza, una hakika? Nikasema kabisa. Nikasubiri ashuke.

Hakushuka. Aliirudisha kwenye bahasha, akasema basi ni sawa, ataipeleka makumbusho ya wilaya, wamekuwa wakimwomba kitu cha Osterdal tangu zamani. Akaondoka nayo. Nilifikiri ni mbinu. Saa nane Darlys aliliona pikapu lake mbele ya makumbusho.

Darlys amekuwa akikunja nguo tangu jioni, zile zile, anazikunjua na kuzikunja upya.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda makumbusho. Noti iko kwenye sanduku la kioo, peke yake, kwenye rafu ya mbele, taa juu yake. Kikaratasi kinasema zawadi ya Daktari Merle Pavlicek. Nilisimama hapo hadi mwangalizi, Bi Corinne, akaniletea kiti.

Ni mama mpole. Akaniambia hawajui lolote kuhusu huyu Nils Haugstad, wangependa sana kupata ndugu yake yeyote. Kama yupo, wangeandika jina lake pale chini, na wangempigia picha ya sahihi, kubwa, kwenye fremu, bure. Akaniuliza kama labda mimi nina uhusiano naye.

Nikasema hapana. Simjui kabisa.

Maana makumbusho haya madogo hayana pesa. Kila baada ya miaka huuza vitu visivyotazamwa na watu, na Kanali ndiye anayewaendeshea mnada. Ukionyesha una hamu, umeharibu. Kwa hiyo nimejiandikisha kujitolea kufuta vumbi, Jumanne na Alhamisi. Nimeanza leo hii. Bi Corinne alipokwenda kula, nimelishusha lile sanduku rafu ya chini kabisa, nyuma ya mashine ya kukamulia maziwa, na taa nimeizima. Hapo hakuna atakayeiona noti.